Pumzi Moja Mpaka Kwetu

4 Februari

Dada,

Shikamoo. Huku kwetu wote wazima, na mimi nimezidi uzima kwa sababu hasira imenipa nguvu ya kushika kalamu.

Tangu mwaka uanze nakupigia simu hupokei. Inaita mpaka inachoka, halafu inaingia meseji: "Nina mteja." Nikipiga jioni, "Nina mteja." Nikipiga Jumapili, siku ambayo najua umefunga saluni, unaniandikia, "Andika barua." Barua, Dada! Mtu wa kuunganisha waya kama mimi unaniambia niandike barua. Haya, naandika. Shemeji amepita hapa na lori lake, anashusha saruji kisha anarudi huko, nimemwomba asubiri nimalize. Amekaa mbele yangu anakunywa chai na kuucheka mwandiko wangu.

Nikuulize bila kuzunguka: ni habari ya Mama? Alipohamia kwangu hukusema neno. Ulimfungia mizigo vizuri, ukamchana nywele, ukampandisha kwenye lori, nikadhani yamekwisha. Kama hayakwisha, kama unaona nimekunyang'anya mama, niambie nijue. Maana yeye anashinda na simu mapajani. Nikipiga kwako anakaza shingo asikie, kisha ananiuliza, "Amesemaje?" Nasema ana mteja. Jana akaniambia, "Wateja gani hao wasioisha? Hata mfalme hupumzika."

Anataka umtajie mtaa. Amekumbuka tulivyokuwa tukishindana kutaja majirani wote kwa pumzi moja, tangu pembeni mpaka mlangoni petu: muuza mkaa, mwalimu, mkunga, fundi saa, mama mapacha, kinyozi, mshona viatu, mzee wa redio, mjane, kwetu. Mimi nilikuwa nakata roho kwa fundi saa. Wewe ulifika kwetu na pumzi ikabaki ya kunizomea.

Piga simu, Dada. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, lakini kwa sauti.

Mdogo wako,
Waya


15 Februari

Mdogo wangu Waya,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa kubahatisha na ya pili kwa kuelewa, maana mwandiko wako ni kama kuku amepita kwenye unga.

Sijakasirika. Nani amekuambia? Mama kukaa kwako ni sawa. Ngazi za kwangu zilikuwa zinamwua magoti, na mimi ndiye niliyesema ahamie kwako, umesahau? Kinyongo mimi huwa sikiweki, namwaga hapo hapo, na wewe umemwagiwa mara nyingi. Simu ndiyo mbovu. Inasikia lakini haisemi. Na humu ndani draya tatu zinanguruma tangu asubuhi. Mwambie Mama hivyo hivyo.

Kazi inakwenda. Sasa hivi mji mzima unataka rangi ya asali. Hata jina langu limekufa, naitwa Mama Asali. Wengine wakipausha nywele zinatoka manjano kama mkia wa jogoo, mimi zinatoka asali yenyewe, unaweza kusema zimechovywa. Ng'ambo ya barabara yupo Mama Kioo, mwenye kioo cha ukuta mzima na macho mawili yasiyolala. Ananitumia wateja wa uongo waje waangalie natia nini. Watangoja sana. Mimi unga wangu nauchanganya stoo, natoka na bakuli tayari.

Sasa nina swali, si langu. Kuna msusi jirani yangu, mwenzangu wa kazi, ambaye akichanganya unga wa blichi anakohoa na kifua kinambana. Akitoka kazini kinaachia kidogo, na akipumzika siku mbili anakuwa mzima kabisa. Kwenye kopo imeandikwa amoniamu persalfeti na potasiamu persalfeti. Halafu anaongeza kijiko cha ile amoniamu persalfeti tupu inayouzwa duka la kemikali, ili ishike haraka. Wewe unayejua madude hayo, ni kitu gani? Na je, atazoea?

Nisalimie Mama. Mwambie naangalia wa kunitengenezea simu.

Dada yako


26 Februari

Dada,

Shikamoo. Hujui ulivyonifurahisha. Hiyo persalfeti ni ndugu na ya kwangu! Miaka yote hii wewe unashika nywele na mimi nashika bodi za saketi, kumbe tunakula sahani moja.

Kwangu inafanya hivi. Bodi inakuja imepakwa shaba upande mzima. Nachora njia za umeme kwa wino usiopitisha maji, kisha nailaza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye sodiamu persalfeti. Shaba iliyofunikwa na wino inapona. Iliyo wazi inaliwa yote. Maji yaliyokuwa meupe yanageuka buluu polepole, buluu nzuri ajabu, na mimi nasimama pale kama mtoto mpaka mke wangu aje aniulize kama nimepotea.

Wako ndugu watatu wanaotumika sana: wa sodiamu, wa potasiamu na wa amoniamu. Tabia yao moja. Salfeti ikiwa peke yake ni kitu kipole, hata shambani wanatia. Lakini ukichukua mbili ukaziunganisha oksijeni kwa oksijeni, pale katikati panakuwa na kasoro, kwa kuwa oksijeni mbili hazipendi kushikana mkono. Zipe joto, au kitu cha kuzichokoza, zinaachana, na kila upande unaondoka na njaa. Njaa yenyewe ni ya elektroni, na inazinyang'anya kwa chochote kilicho karibu: shaba, weusi wa nywele, mbao, mafuta, sukari. Ndiyo maana wakaiita kioksidishaji kikali. Yenyewe haiwaki, ila ukiiweka karibu na moto ni kama yule shangazi yetu, hapigani lakini ugomvi hauzimiki akiwepo.

Sasa jirani yako. Hatazoea. Kwenye ndoo yangu ilikuja karatasi ya maelezo na imeandika wazi: vumbi lake likivutwa linaweza kuleta pumu. Na mwili ukishaanza kuikataa hauzoei, unazidi kukataa. Leo anabanwa kwa kijiko, baadaye atabanwa kwa chembe iliyobaki kwenye taulo. Afungue madirisha, anunue ile isiyotimka vumbi, avae barakoa ya maana, na kabla ya yote hayo aende hospitali na kopo lake mkononi, daktari alisome.

Nyumba yetu haihitaji kufundishwa habari za vumbi. Baba alivunja mawe mpaka mawe yakamvunja yeye. Mimi nilikuwa mdogo, lakini ile filimbi ya kifuani mwake bado naisikia, sembuse Mama aliyelala nayo ubavuni. Mwambie jirani yako nimesema hivyo.

Simu bado?

Waya


12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Jirani anakushukuru. Habari ya shangazi imemchekesha mpaka akakohoa.

Ushauri wako ni mzuri kwa mtu asiye na maadui. Dirisha hawezi kufungua. Amelipiga kadibodi yeye mwenyewe, kwa sababu wapo watu wanaomchungulia wajue anapima vipi. Akiingia kuchanganya anafunga mlango na kuweka taulo chini yake. Feni anazima, maana inapeperusha unga ukatua kwenye mashuka na vitana, na unga wenyewe si wa kumwaga. Barakoa amejishonea ya kitambaa. Hospitali atakwenda msimu huu wa harusi ukipita.

Umesema hatazoea. Mbona kitunguu tunazoea? Siku ya kwanza kukata unalia, baada ya mwaka unakata gunia zima unapiga soga.

Usimwone mjinga. Kusuka kila mtaa yuko anayesuka, na vidole vyake vimeanza kukakamaa, wasichana wadogo wanamshinda mbio. Lakini ile rangi hawaipati. Ndiyo jina lake. Ukimwambia aache, umemwambia arudi kukaa kwenye kigoda mlangoni angojee mtu wa kupita na kichwa kisichosukwa. Hilo ndilo linalomnyima raha, kifua ni la pili.

Simu inatengenezwa. Mwambie Mama asiwe na wasiwasi, na yule mpinzani wangu bado hajajua kitu.

Dada yako


21 Machi

Dada,

Shikamoo, ingawa leo naitoa kwa shingo upande.

Mimi ni fundi. Ukiniambia simu inasikia lakini haisemi, kitu cha kwanza nitakachosema ni nitumie niitazame, lori si lipo? Kwa hiyo nilimwomba Shemeji anieleze ubovu wake. Shemeji akashangaa. Akasema yeye akikupigia safarini unapokea na kumjibu, "Ndiyo," "Hapana," na "Safari njema." Nikamuuliza kama haoni kuwa ni machache. Akasema kwa ndoa iliyokaa kama ya kwenu hayo ni mazungumzo marefu.

Basi simu inasema. Ni wewe usiyetaka kusema na sisi.

Nilimficha Mama siku mbili kisha nikashindwa. Hakulia. Aliichukua simu mapajani akaiweka kabatini chini ya nguo, akaniambia nisikupigie tena, mtu mzima akinuna aachwe anune. Halafu akaenda kulala na jua bado liko juu. Dada, kama nimekukosea mimi, nitie adabu mimi. Yeye amekukosea nini?

Kuhusu kitunguu: kitunguu kinachokoza macho, basi. Jicho halikiwekei kumbukumbu. Persalfeti mwili unaiwekea. Mwambie jirani aache ubishi, kwa maana huo ni ubishi wa kufia.

Waya


2 Aprili

Waya,

Sina ugomvi na wewe. Wala na Mama. Niandike mara ngapi?

Naandika kwa ufupi, nimechoka.

Kwa jirani kumetokea ajali ndogo. Alikuwa na bibi harusi na wasindikizaji wake, akachanganya blichi nyingi, ikabaki. Hakutaka kuitupa. Akaimimina kwenye chupa ya jemu, akakaza kifuniko sawasawa, akaificha juu ya rafu ili aimalizie kesho yake. Mchana wakati watu wako kwenye draya ikasikika, pa! Chupa imepasuka. Kifuniko kiliruka kikagonga kengele ya baiskeli yako, ikalia kama vile kuna mtu anaomba njia. Uji mweupe umefika mpaka darini. Bahati hakuna aliyekuwa ndani.

Moto haukuwepo. Jua haliingii mle. Nataka kujua sababu, ili isirudie.

Mwambie Mama aitoe simu kabatini.

Dada yako


9 Aprili

Dada,

Nianze na jibu ulilotaka. Persalfeti ikishachanganywa na ile dawa ya maji mnayoikorogea haitulii. Inaendelea kuachia oksijeni kidogo kidogo hata ikiwa gizani, na oksijeni haina adabu ya kukaa kwenye chupa iliyokazwa. Inajaza, inajaza, mwisho inatafuta mlango. Hata ya kwangu ya kulia shaba chupa yake nimeitoboa kifuniko, baada ya kuikuta siku moja imevimba tumbo. Nilipaswa kukuandikia hilo tangu Februari, nikasahau, na nakuomba radhi. Kilichobaki hutupwa siku hiyo hiyo, hakifungiwi.

Sasa swali langu. Baiskeli yangu inaning'inia kwenye ukuta wa stoo yako tangu nilipohama huko. Niliitundika mwenyewe, misumari miwili na kipande cha mpira. Kifuniko cha jirani kimeigongaje?

Nimezitandaza barua zako zote mezani. Dirisha la kadibodi. Taulo chini ya mlango. Vidole vinavyokakamaa. Watu wanaochungulia. Na mimi fundi mzima, ninayejisifu kuona ufa mwembamba kuliko unywele kwenye bodi, nilisoma yote hayo nikajibu habari za vitunguu. Simu yako ni nzima. Kilichoharibika ni pumzi, na ulijua tukikusikia tutajua.

Nimekukasirikia miezi mitatu bure. Nimekaa hapa karibu nichane barua ya tarehe ishirini na moja, kumbe unayo wewe.

Dada, naogopa. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Usiingie tena mle stoo. Hata kuchukua kitana. Shemeji anaondoka na barua hii asubuhi, nami nimemweleza yote, na ameiacha chai yake akaenda kukagua matairi. Akifika akupeleke hospitali, mwende na kopo.

Mama sijamwambia. Nimekuachia wewe. Lakini akiniuliza uso kwa uso, kumdanganya siwezi.

Waya


5 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba ya barua zote zilizopita, pamoja na ile ya shingo upande.

Barua yako ilinikuta tayari nipo wodini. Shemeji yako alinisomea kwa sauti, unaijua sauti yake, wodi nzima ikasikia habari ya baiskeli. Mgonjwa wa kitanda cha tatu akauliza, "Kwani jirani yeye alikuwa nani?" Nikamwambia ni mimi. Ikawa mara yangu ya kwanza kulisema.

Nikueleze ilivyokuwa. Nilikuwa stoo, mlango umefungwa, taulo chini. Nilikuwa nimepima na ndio naanza kukoroga. Kifua kikafunga kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba. Hewa kutoka ilikataa, na kuingia ikakataa. Nikataka kuita, sauti hakuna. Nje draya zinanguruma, hata ningeita nani angenisikia? Nikanyoosha mkono ukafika kwenye baiskeli yako. Nikapiga kengele. Nikapiga tena na tena.

Walio kwenye draya hawakusikia kitu. Aliyesikia ni Mama Kioo. Alikuwa amekuja kuazima vibanio, au kuchungulia, sitamuuliza milele. Akasukuma mlango, taulo langu likaubana. Waya, lile taulo nililoliweka kumzuia yeye ndilo lililotaka kuniua. Akaupiga bega mpaka ukafunguka, akanibeba mgongoni hadi barabarani na shuka la blichi bado niko nalo shingoni.

Siku ya pili alikuja kunitazama. Nikamwambia, haya, siri yangu umeiona. Akasema, "Siri gani? Kile kijiko cha ziada? Dada yangu, mbona sote tunatia. Mimi yangu inatoka mkia wa jogoo. Wewe una jicho, unajua dakika ya kuosha." Nilicheka, kifua kikauma, nikacheka tena. Miaka yote nimejifungia na vumbi kulinda kitu kinachojulikana na kila mtu.

Daktari alinipulizisha mrija, akauliza kazi yangu, nikampa kopo kama ulivyosema. Akalisoma, akatikisa kichwa. Ni pumu ya kazini. Nikamuuliza kama ndiyo ya Baba. Akasema hapana. Ya Baba ilikuwa makovu ya vumbi la mawe, na kovu la pafu halifutiki. Yangu ni mirija ya hewa inayojikunja kwa hasira. Nikikaa mbali na unga inaweza kufunguka polepole, labda yote, labda nusu, na dawa ya kuvuta nitembee nayo. Nikirudi kwenye unga, asinione tena kwake.

Kwa hiyo asali imekwisha. Nimelia kwa hilo kuliko kwa kifua, na sioni haya kukuambia.

Umeniuliza Mama amenikosea nini. Desemba nilimrekodia ujumbe wa sauti wa kumtakia heri. Kabla ya kuutuma nikausikiliza. Nyuma ya maneno yangu nilimsikia Baba. Ile filimbi yake, vile vile, mwisho wa kila sentensi. Nikaufuta. Nikajua nikifungua mdomo tu Mama atajua, na huzuni ile ameshaibeba mara moja. Nikaona bora adhani nimenuna.

Najua haikuwa bora. Lakini nakuomba, usimwambie bado. Ngoja nipone kidogo, nimpigie nikiwa na sauti ya mtu.

Dada yako


13 Mei

Dada,

Shikamoo, na hii ni ya moyo wote.

Nimemwambia.

Usinune. Aliniona nikisoma barua yako nimesimama, akaniuliza, "Ni kifua?" Hakuuliza kingine. Sijui kilimwonyesha nini, labda uso wangu una maandishi mazuri kuliko mkono wangu. Nikamweleza yote, stoo, taulo, kengele, mpaka aliyosema daktari kwamba si ya Baba. Alikuwa anachambua mchele. Hakusimama. Akachambua mpaka ungo ukaisha, akapeta, akauweka chini.

Kisha akasema, na nakuandikia kama alivyosema: "Baba yenu nilimsikiliza kila siku mpaka ikawa kimya. Kimya ndicho nisichokiweza. Mwambie nimezaa mtu, sikuzaa redio, sitaki sauti safi. Anipigie na filimbi yake."

Halafu akaenda kabatini.

Jumapili asubuhi tutakupigia. Pokea. Na ujiandae kutaja mtaa, maana amesema atakupima mwenyewe, mrija wa daktari hauamini.

Waya


20 Mei

Dada,

Shikamoo. Naandika ingawa tumeongea jana kwa saa nzima, kwa sababu Shemeji yupo hapa na amezoea kungoja barua. Anasema akienda mikono mitupu lori linavuta upande mmoja.

Mama tangu jana simu iko mapajani. Ameshamsimulia mke wangu ile habari ya kioo uliyotupa kwenye simu mara tatu, jinsi unavyokaa barazani kwako, mbali na unga, na Mama Kioo anamgeuza mteja atazame kioo kikubwa, na wewe unazitazama nywele kutoka ng'ambo ya barabara mpaka zifike asali, unainua kitana juu, naye anaosha. Anaicheka mpaka anafuta machozi. Anasema siku zote alijua una jicho, na kwamba umelitoa kwake.

Nami nimeitoboa kadibodi ya moyoni, kama ungekuwepo ungeona. Nimelala vizuri. Kilichobaki ni lalamiko moja la kisheria. Ulitaja mtaa. Muuza mkaa, mwalimu, mkunga, fundi saa, ukaenda mpaka mjane, ukafika kwetu. Mama akapiga makofi. Lakini mimi sikio langu ni la fundi. Umeiba pumzi kwa mama mapacha. Nimekusikia. Mchezo ni pumzi moja, Dada, sheria ni sheria.

Waya


28 Mei

Mdogo wangu Waya,

Marahaba. Baiskeli yako nimeitoa stoo nikaipangusa, sasa iko barazani, na Mama Kioo akiwa na mteja wa asali, asipokiona kitana changu namwita kwa kengele. Usiidai, haina mpango wa kurudi.

Dirisha nimelifungua. Kadibodi nilipoitoa, jua likaingia hadi kwenye rafu, nikaona vumbi jeupe limekaa juu ya kila kitu, jembamba, hata huwezi kulidhania. Shemeji yako ndiye aliyelifuta kwa kitambaa kibichi, mimi nimesimama barabarani namwelekeza. Pumzi inaongezeka. Ngazi napanda bila kusimama, asubuhi kwa wepesi kuliko jioni.

Sasa lalamiko lako. Kuiba ni kwa siri, na siri nimezichoka. Pale kwa mama mapacha iliniishia, ni kweli, na ningeweza kuisogeza simu pembeni kama nilivyozoea kumfanyia Shemeji yako. Sikuisogeza. Niliileta karibu na mdomo, nikavuta waziwazi, ili Mama aisikie inavyoingia.

Dada yako